Civita di Bagnoregio: mji ulioliwa barabara yake

Picha nyingi za Civita di Bagnoregio hupigwa kutoka mahali pamoja, kwenye ukingo wa San Francesco Vecchio upande wa pili wa bonde. Jabali limesimama peke yake katikati ya makorongo, juu yake nyumba za mawe zimebanana kuzunguka mnara wa kanisa, na daraja jembamba la zege linapanda kuelekea langoni. Mtu akiiona picha hiyo hukata shauri haraka: hawa watu walikimbilia juu ya mwamba ili adui asiwafikie. Ulinzi ulikuwamo kwenye hesabu, sawa. Lakini mji huu ulijengwa hasa kwa sababu barabara ilipita hapo, tena ikaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Jabali limekuja kuwa kisiwa baadaye, na historia nzima ya Civita ni rahisi zaidi kuielewa ukiifuata barabara hiyo ilivyokatika.

Mahali penyewe ni jimbo la Viterbo, mkoa wa Lazio nchini Italia, kama kilomita 120 kaskazini ya Roma, mita zipatazo 440 juu ya usawa wa bahari. Magharibi kuna Ziwa Bolsena, mashariki kuna bonde la mto Tiber. Mto huo ulikuwa njia ya kufikisha mizigo Roma, na ziwa lilikuwa na watu, samaki na mashamba, kwa hiyo njia ya kuviunganisha viwili hivyo ilikuwa mali. Chini mabondeni udongo ni mfinyanzi: ukinyeshewa, mguu wa punda unazama. Njia ya busara ilikuwa kufuata mgongo wa kilima, juu kwenye mwamba mkavu. Waetruski, watu waliokaa eneo hili kabla ya Warumi, waliweka makazi yao juu ya mgongo huo miaka 2,500 hivi iliyopita. Upande wa magharibi walichonga kijia ndani ya mwamba, na hicho ndicho leo hii Porta Santa Maria, lango kuu la mji. Upande wa mashariki wakatoboa handaki linaloitwa Bucaione, linaloshuka kutoka mjini hadi bondeni. Mji ulikuwa na malango matano zamani. Mgeni wa leo hutumia moja tu, na hurudi kwa hilo hilo alilopitia.

Kabla ya kuendelea na wafalme na maaskofu, ni lazima kuzungumzia ardhi. Anayeisimulia Civita bila kueleza ardhi yake anaishia kusema "mji unaokufa" kisha anashindwa kusema unakufa kwa ugonjwa gani.

Kilima kina tabaka tatu. La chini kabisa ni mfinyanzi wa kijivu wenye rangi ya samawati, uliokuwa sakafu ya bahari zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Magamba ya viumbe wa baharini bado yanaokotwa humo. Juu yake kuna mwamba wa majivu ya volkano uliojipanga safu kwa safu, takriban mita 50, safu nyingine laini kiasi kwamba zinakwanguka kwa kisu. Juu kabisa kuna mwamba mgumu zaidi wa majivu yaliyomwagika yakiwa ya moto na kushikana, unene wake kama mita 20, rangi yake ya kahawia inayoelekea uwekundu. Haya yote ya juu yalitoka kwenye volkano za Vulsini, zilizolipuka katika eneo la Bolsena laki kadhaa za miaka iliyopita. Mji uko juu ya tabaka hilo gumu, na umejengwa kwa mawe yaliyochongwa humo humo, ndiyo maana kwa mbali huoni mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi.

Tatizo liko kwenye mpangilio: kigumu juu, kilaini chini. Ni kama kabati zito juu ya godoro. Katikati limetulia, ila pembeni godoro likibonyea kabati linaanza kuegemea nje.

Uharibifu unaanzia chini, si juu. Kiangazi mfinyanzi unakauka na kupasuka vipande vipande, mianya ikiingia ndani. Mvua za vuli zikija, maji hayatiririki juu tu bali yanaingia kwenye mianya hiyo. Tabaka la nje linavimba, linakuwa uji, linateremka. Likishashuka, mfinyanzi mpya unabaki wazi na mchezo unaanza upya kiangazi kijacho. Matokeo yake ni vile vigongo vyembamba vyenye ncha kali vinavyojaza bonde zima, ambavyo Waitaliano huviita calanchi. Kama tope hilo lingebaki chini, lingerundikana na kuwa egemeo la mteremko. Halibaki. Vijito viwili, Rio Chiaro na Rio Torbido, hulibeba na kulipeleka, na wakati huo huo huchimba mguu wa kilima. Vijito vyenyewe ni vidogo, mtu anavivuka, lakini havijaacha kazi hiyo tangu kilima kilipokuwepo.

Mteremko wa mfinyanzi ukirudi nyuma, mwamba wa juu unabaki bila cha kuushikilia ubavuni. Hapo nyufa za wima zinafunguka sambamba na ukingo, pengine mita chache ndani yake. Maji ya mvua yanaingia kwenye ufa, mizizi inaupanua, baridi ya usiku wa majira ya baridi inagandisha maji yaliyomo na kuupanua zaidi. Kisha kipande kizima, na nyumba iliyo juu yake, kinaegemea nje na kuanguka. Kwa hiyo katika mji huu ufa wa kuogopwa ni ule unaopita sakafuni sambamba na ukingo. Huo unaonyesha mwamba wenyewe unafunguka. Ufa wa kawaida wa kuzunguka dirisha unaweza kuwa wa ukuta tu.

Wenyeji nao walisaidia kazi ya mmomonyoko bila kukusudia. Mwamba wa majivu unachongeka kirahisi, kwa hiyo chini ya kila nyumba kuna pango: ghala la mvinyo, kinu cha kukamulia zeituni kilichozungushwa na punda, birika la maji ya mvua, vyumba vyenye vishubaka vya kufugia njiwa. Waetruski walizika wafu wao humo kwenye kuta za mwamba, na vizazi vilivyofuata vikayageuza makaburi hayo kuwa stoo na mazizi. Kila pango ni mali kwa mwenye nyumba. Pango lililo karibu na ukingo, hata hivyo, ni sehemu ya mwamba iliyotolewa mahali ilipohitajika, na birika linalovuja ni maji yanayopelekwa moja kwa moja kwenye nyufa.

Turudi kwenye watu. Warumi walipoishinda Volsinii, mji mkuu wa Waetruski wa eneo hili, mwaka 264 KK, waliikuta mifumo ya maji ya Civita ikifanya kazi wakaiendeleza. Mtaa mkuu unaokata mji kutoka mashariki hadi magharibi bado umelala palepale pa zamani. Ukristo ulipoenea, mji ukawa makao ya askofu, na kanisa kuu la San Donato likajengwa kwenye uwanja wa kati, mahali palipokuwa na hekalu. Uwanja huo mpaka leo haujasakafiwa. Ni udongo na kokoto, na punda hushindanishwa humo katika mbio za Tonna, mwezi wa Juni na mwezi wa Septemba.

Mwana maarufu wa mji ni Giovanni Fidanza, anayejulikana kama Mtakatifu Bonaventura, aliyezaliwa hapa mwanzoni mwa karne ya 13. Mapokeo yanasema aliponywa utotoni kwa maombezi ya Fransisko wa Asizi, na pango moja chini ya ukingo wa San Francesco Vecchio, lililokuwa kaburi la Waetruski na baadaye likafanywa kikanisa, linaitwa kwa jina lake. Mwaka 1257 alichaguliwa kuwaongoza Wafransisko wote, mwaka 1273 akafanywa kardinali, na mwaka 1274 akafia Lyon mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukiendelea. Ukiuliza nyumba aliyozaliwa iko wapi utaonyeshwa kibao ukingoni. Nyumba yenyewe ilikwishaporomokea bondeni.

Katika enzi za kati Civita na kitongoji chake cha Rota, kilichokuwa upande wa magharibi wa mgongo huohuo, vilikuwa mji mmoja ulioitwa Bagnorea. Adui aliyekuwa karibu zaidi alikuwa mji wa Orvieto, na hasa ukoo wa Monaldeschi uliotaka kuutawala mji. Watu wa Bagnorea waliushinda ukoo huo katikati ya karne ya 15, na ushindi wenyewe umechongwa langoni: simba wawili wa jiwe jeusi la volkano, kila mmoja ameshika kichwa cha mtu kwa kucha zake. Wageni wengi hupita chini yao wakitazama simu.

Hadi hapo, hakuna kinachoonyesha mji unaoelekea kufa. Una askofu, una watawala, una majumba ya koo tajiri. Kisha likaja tetemeko la tarehe 11 Juni 1695. Nyumba nyingi zilibomoka, lakini mimi naona pigo lililoumiza zaidi halikuwa la nyumba. Kati ya Civita na Rota kulikuwa na tandiko, yaani sehemu ya mgongo iliyokuwa chini kidogo na kuunganisha vilima viwili. Tandiko hilo mwamba wake wa juu ulikuwa umekwisha liwa. Lilibaki mfinyanzi mtupu, na tetemeko liliharibu njia iliyopita juu yake. Nyumba ikibomoka mwenyewe huijenga upya kwa mawe yaleyale. Njia ya mfinyanzi ikiteremka, inatengenezwa chini zaidi ya pale ilipokuwa, na mvua ijayo inaishusha tena.

Askofu na mtawala wakahamia Rota. Mwaka 1699 kanisa la San Nicola la huko likawa kanisa kuu badala ya San Donato. Watu huandika jambo hili kwa sentensi moja kana kwamba ni la kuhamisha kiti tu. Fikiria lakini ni nani wanaoishi kwa kuwepo kwa askofu na mtawala: makarani, mawakili, wanafunzi wa seminari, wauza mishumaa, wafua chuma, wenye nyumba za wageni, wakulima wanaoleta kesi na mazao siku moja. Wote hao walikuwa na sababu ya kupanda Civita, na sababu hiyo ikahama. Barabara ya zamani ya kwenda Tiber nayo haikuwa na haja tena ya kupita juu ya jabali. Mji uliokuwa katikati ya safari ukawa mwisho wa safari, na mji wa mwisho wa safari hauna mpita njia. Rota ndiyo Bagnoregio ya leo. Jina la Bagnorea liliachwa mwaka 1922. Uaskofu wenyewe uliendelea hadi 1986 ulipounganishwa na ule wa Viterbo.

Kilichofuata ni karne mbili na nusu za kupungua polepole. Waliobaki walikuwa wakulima waliokuwa na mashamba bondeni, waliolala juu na kushuka asubuhi na punda. Kingo ziliendelea kuanguka, mtaa baada ya mtaa. Karibu na lango, ukishaingia, kuna ukuta wa mbele wa jumba la kifahari, una madirisha yake na fremu za mawe zilizochongwa vizuri. Chungulia dirishani: unaona anga. Jumba lote la nyuma limekwenda na ukingo, umebaki uso tu unaotazama mtaa. Kwangu mimi hakuna kibao kinachoeleza Civita vizuri kuliko madirisha hayo.

Daraja la mawe lilijengwa baadaye kuokoa njia ya tandiko, na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma katika Vita Kuu ya Pili wakalilipua. Daraja la sasa ni la zege lenye nondo, la mwaka 1965, refu kama mita 300, la watembea kwa miguu. Wenye ruhusa tu ndio wanaolipita na pikipiki na vigari vidogo vya mizigo. Linaanza taratibu, kisha mwishoni linapanda kwa ukali. Nguzo zake zimesimama kwenye mfinyanzi uleule wa tandiko, kwa hiyo ni daraja linalohitaji kuangaliwa kila baada ya mvua kubwa. Athari yake kwa maisha ya kila siku ni rahisi kupiga hesabu. Mfuko wa saruji, mtungi wa gesi, katoni ya chupa za maji, kila kitu kinashushwa garini upande wa Bagnoregio na kupakiwa upya kwenye kigari. Kukarabati nyumba Civita ni ghali, na sehemu ya ughali huo ni daraja.

Hata hivyo nyumba zilikarabatiwa. Kuanzia miaka ya 1960 walianza kufika watu wa nje, wengine kutoka Roma, wakanunua nyumba zilizotelekezwa. Mmoja wao alikuwa Astra Zarina, mbunifu majengo mzaliwa wa Riga na profesa wa Chuo Kikuu cha Washington, aliyekuja na wanafunzi wake kuja kuupima mji, kuuchora na kujifunza ukarabati kwa vitendo. Bila wimbi hilo la wanunuzi paa nyingi zisingekuwepo sasa, kwa sababu nyumba ya mwamba wa majivu ikishapoteza paa, maji huingia kutoka juu na kuta hazidumu. Gharama yake imejulikana: nyumba nyingi ni za mapumziko, na wanaoishi hapo mwaka mzima hawafiki 20.

Jina la "mji unaokufa" lilitoka kwa mwandishi Bonaventura Tecchi, aliyezaliwa Bagnoregio mwaka 1896 na kufariki 1968. Yeye alilisema kwa uchungu. Baadaye limebandikwa kwenye vibao na vipeperushi, na limeleta watalii kuliko tangazo lolote la kulipia. Mwaka 2013 halmashauri ya Bagnoregio ilianza kutoza kiingilio cha yuro 1.50 kwa kila mgeni anayevuka daraja, jambo ambalo hakuna mji mwingine wa Italia uliokuwa umelifanya. Kiasi kimepandishwa mara kadhaa hadi yuro 5, na wageni hawakupungua. Wameongezeka kutoka makumi ya maelfu kwa mwaka hadi mamia ya maelfu. Fedha hizo ziliiwezesha halmashauri kuwapunguzia mzigo wa kodi wakazi wake. Sina ugomvi na kiingilio. Ila watu wanaofika saa nne asubuhi na kuondoka saa nane mchana hawajazi mji. Wanajaza mtaa mmoja.

Kuhusu kuzuia maporomoko, kazi zimefanyika kwa awamu na zinagusa kila tabaka kwa dawa yake. Kwenye mwamba wa juu huchomekwa nondo ndefu zinazopita ufa na kushika mwamba mzima ulio nyuma yake, zikakazwa kwa saruji ya majimaji. Ukingoni penye hali mbaya zaidi zimechimbwa shimo pana za wima kutoka juu, zikaimarishwa kwa zege, na kutoka ndani yake nondo zikatobolewa kuelekea pande zote. Faida yake ni kwamba fundi anafanya kazi kutokea ndani ya kilima bila kuning'inia kwenye genge linalotikisika, na uso wa mwamba haubadiliki kwa mtazamaji. Vijito hujengewa vizuizi vidogo ili maji yapungue mwendo na tope litulie miguuni mwa mteremko. Maji ya mapaa na mitaa hukusanywa yasimwagikie ukingoni. Hakuna hata moja kati ya hizi inayouzuia mfinyanzi kupasuka kiangazi. Zinapunguza kasi, na nondo zenyewe hupata kutu, kwa hiyo ukaguzi na ukarabati haviishi. Mwaka 2006 Civita iliwekwa kwenye orodha ya World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, ya maeneo 100 yaliyo hatarini zaidi duniani.

Kwa anayetaka kwenda: shuka treni Orvieto, kisha panda basi la Cotral hadi Bagnoregio, na angalia ratiba ya kurudi kabla hujaondoka kituoni maana Jumapili huenda usipate basi kabisa. Kutoka kituo cha basi utatembea Bagnoregio nzima kufika darajani, ambayo ni faida, kwa sababu unapita juu ya mgongo uleule wa zamani na kuona San Nicola njiani. Simama kwanza kwenye ukingo wa kutazamia ukatafute kwa macho mstari ambapo rangi ya kijivu inakutana na ya kahawia. Ukishaupata, kila kitu kingine utakielewa mwenyewe. Ndani ya mji anza na Jumba la Alemanni uwanjani, lililo na makumbusho ya jiolojia na maporomoko, ukaone michoro ya ukingo ulivyokuwa na ulivyo. San Donato ina msalaba wa mbao wa karne ya 15. Ijumaa Kuu hupelekwa kwa maandamano hadi Bagnoregio, na wenyeji husema usiporudishwa kabla ya usiku wa manane utakuwa mali ya huko, kwa hiyo hurudishwa mapema.

Halafu usigeuke uwanjani kama wengi wanavyofanya. Fuata mtaa mkuu mpaka mwisho wa mashariki, njia inaposhuka kuelekea Bucaione. Vaa viatu vyenye meno, na kama mvua imenyesha siku hiyo au jana yake ishia juu: mfinyanzi uliolowa unateleza hata kwenye mteremko mdogo, na unaganda kwenye soli mpaka meno ya kiatu yanajaa.